Protekta ya Kisomeo cha Shangazi

Mimi nilisema tangu mwanzo, na mashahidi ninao: kile kidude hakihitaji protekta. Nilisema nikiwa nimesimama, pasi mkononi, mvuke unanipanda usoni, na kwa sauti ambayo hata wauza mabati wa chini yetu waliisikia. Nani alinisikiliza? Hakuna. Karakana yetu ya ushonaji ndivyo ilivyo. Mtu akisema la maana, eti ana hasira.

Wananiita Pasi. Wanadai ni kwa sababu ya kazi, maana ndimi ninayenyoosha kila sare ya shule inayotoka humu kabla haijakunjwa. Lakini nikiwapa kisogo wananicheka, na mimi si mjinga, najua jina hilo halikutoka kwenye kazi peke yake. Haya, na waseme.

Lazima kwanza niwaeleze saa ya vifungo, la sivyo hamtaelewa kwa nini watu wazima wenye familia zao walitaka kurushiana mikasi kwa ajili ya kipande cha plastiki. Mchana kutwa vyerehani vinanguruma, hata mtu akikutukana humsikii. Alasiri Bosi anazima swichi kubwa, kimya kinaingia, na sisi sote tunaizunguka meza ya kukatia kushona kwa mkono yale yasiyotaka mashine: vifungo vya mashati, ndoana za sketi, pindo za suruali. Hapo ndipo Shangazi anaposoma. Yeye hashoni. Vifungo vyake tunagawana sisi, yeye anatusomea riwaya, na utaratibu huo umekuwepo tangu enzi za bosi wa zamani, baba yake huyu wa sasa. Tumewahi kushona mashati ya shule nzima huku tunamlilia bibi harusi aliyeachwa stesheni. Kuna watoto wanavaa machozi yetu mpaka leo na wazazi wao hawana habari.

Shangazi ni shangazi yangu wa damu, dada mkubwa wa marehemu baba, lakini karakana nzima inamwita hivyo, hata Bosi. Enzi zake alikuwa fundi wa kola, na kola yake ilisimama bila kuombwa. Macho yalipoanza kumchezea alihama kwenye cherehani akahamia kiti cha dirishani, kile kikubwa chenye mikono, akabaki na kazi mbili: kukagua mishono kwa vidole na kutusomea alasiri. Kisha herufi nazo zikaanza kumkimbia. Akatafuta lenzi ya mkono. Lenzi nayo ikashindwa. Akawa anasoma sentensi moja, anakwama, anakisogeza kitabu dirishani, anakwama tena, na sisi tumeinamisha vichwa tunajifanya tunatafuta uzi.

Bosi si mtu mbaya. Ni mtu wa mashine tu. Siku moja ikaletwa ovaloki mpya, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, ndani ya boksi lake. Akalipima boksi kwa macho, akakipima kiti cha dirishani kwa macho, nami nikajua anatafuta pa kuiweka.

"Shangazi, umetufanyia kazi kubwa," akasema, kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi. "Kama kusoma kumekuwa taabu, si ukapumzike nyumbani? Hapa tutawasha redio."

"Nyumbani nitamsomea nani?" Shangazi akamjibu. "Friji?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naitazama mikono yake, na mikono yake ilikuwa imeshika mikono ya kile kiti. Anaishi peke yake tangu mwanawe aanze kuendesha malori ya masafa marefu. Shangazi bila saa ya vifungo ni mtu wa kukaa ameukodolea mlango macho. Niliogopa, nasema wazi. Bosi akampa muda mpaka sare za kufungulia shule ziishe, na boksi la ovaloki likawekwa karibu na mlango kungojea nafasi yake.

Ndipo mwana wa Shangazi alipopita mjini na lori lake, akapanda ngazi zetu akiwa na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kidude chembamba, cha kijivu, chenye kava la kufunguka kama kitabu. Yeye alikiita jina refu la dukani. Sisi tukakiita kisomeo, basi. Kina riwaya chungu nzima tumboni. Ukigusa upande wa kulia ukurasa unageuka, na herufi unazikuza utakavyo. Shangazi akazikuza mpaka kila moja ikawa kubwa kama kifungo cha koti. Akasoma mstari wa kwanza bila kukwama, na wa pili, na wa tatu, na sauti yake ya zamani ikarudi, ile ya kumfanya mtu asahau sindano kidoleni. Nilikwenda kunyoosha shati lililokwisha kunyooshwa, ili watu wasinione uso.

Sasa tulipofika hapo pazuri, akaingia Mama Nailoni.

Mama Nailoni ndiye mkataji wetu, na kwa mkasi hana mpinzani, hilo nampa. Lakini huyo ni mtu ambaye sofa lake bado limevaa plastiki la dukani na mwanawe wa kwanza ameshaoa. Rimoti yake imo ndani ya nailoni. Mkono wa friji yake umevaa soksi. Mumewe huwaambia watu kwamba sofa lake analijua kwa sura tu, hawajawahi kugusana. Basi Mama Nailoni akakiona kisomeo kimekaa mezani kitupu, akashika kifua.

"Jamani! Kitu cha skrini ya kugusa kinakaa uchi hivi? Hakina protekta?"

"Hakihitaji," nikasema.

"Pasi, kila skrini inahitaji."

"Simu inahitaji, kwa sababu simu unaitupa mfukoni na funguo. Hiki kinakaa mikononi mwa Shangazi, kikitoka hapo kinaingia kwenye kava lake. Na uso wake hebu uguse. Hautelezi, haumetameti, uko kama karatasi. Ndiyo maana anaona. Mwekee kioo juu uone kama hatajisoma yeye mwenyewe!"

"Na pini je?" Mama Nailoni akaanza kuhesabu kwa vidole. "Na mikasi? Na chaki? Na wewe mwenyewe na maji yako ya pasi unayoyarusha kila upande?"

Hapo akadakia Mpelelezi. Huyu ni fundi wa suruali, jina kalipata kwa sababu riwaya ikianza tu yeye anamjua muuaji, na hajapatia hata siku moja. Akasema kwa uzoefu wake, hatari daima hutoka kwa mtu usiyemdhania. Nikamwuliza sasa hapo amesema nini.

Wakamtuma mtu kwa fundi simu wa kona, akarudi na jibu kwamba kila skrini lazima iwe na protekta. Loo, ajabu! Muuza miavuli naye mkamwulize kama mvua itanyesha. Hata hivyo fundi huyo hakuwa na saizi ya kisomeo, akatuletea plastiki laini la kompyuta kubwa, la kukata mwenyewe. Liliposikika neno kukata, macho ya Mama Nailoni yakawaka. Tukapiga kura. Mikono yote ikapanda isipokuwa wangu, na Shangazi akasema, "Kivalisheni tu, msigombane."

Mama Nailoni alikifanyia kisomeo kile kama anamkatia mtu suti ya harusi. Akakipima kwa futi, akachora patani kwenye karatasi ya kaki, akabana, akakata, akabandika, akasukuma nje mapovu ya hewa kwa rula. Plastiki lenyewe halikumeta, nikatafuta kosa nikakosa, na hilo liliniuma zaidi. Kingo zake tu zilipanda kidogo juu ya fremu pande zote. Akasema ndiyo vizuri, vumbi halitapata pa kuingilia.

Tukaanza riwaya mpya, ya mjane mwenye nyumba ya wageni na mpangaji wa chumba namba nne asiyepokea mtu. Mwanzo ilikwenda polepole, mambo ya koo na mashamba na nani kamzaa nani. Baada ya siku chache, wee! Hadithi ikashika moto. Mpangaji akawa na sanduku analolala nalo kitanda kimoja. Akatokea mwanamke fundi wa funguo, mwenye kigugumizi na mdomo mchafu, anayefungua kufuli lolote ila moyo wa mumewe. Akatokea kasuku anayewasema wageni. Tulivunjika mbavu. Mpelelezi aliapa kwamba ndani ya sanduku mna maiti. Hata Bosi, aliyekuwa akijifungia nyuma ya ukuta wake wa mbao kila alasiri, mlango wake ukaanza kubaki wazi kidogo, kisha zaidi, mpaka tukawa tunaona kiatu chake.

Niliona Shangazi ana tabia mpya. Mahali patamu ananyamaza. Anakunywa maji. Anatazama juu darini, kisha anaendelea, na likija neno linakuja na pilipili. Nikadhani ni mbwembwe, anatukamata makusudi. Mama Nailoni naye akawa anatembea kidari mbele. "Mnaona? Tangu kivae kinasoma vizuri zaidi." Nilitamani kumpiga pasi.

Siku moja tuliishia pale fundi wa funguo amepiga magoti chumba namba nne, ameweka sikio kwenye sanduku, na ndani ya sanduku kuna kitu kinatembea. Shangazi akafunga kava. Tulipiga kelele mpaka wauza mabati wakagonga dari yao kwa fimbo.

Kesho yake, kabla hata hatujakaa vizuri, Bosi akatoka ofisini na kitabu mkononi. Kitabu cha karatasi, kimechakaa, cha mkewe. Ilikuwa riwaya ile ile. Alikuwa ameshindwa kusubiri, masikini, akaenda kuitafuta nyumbani ajue kilichomo sandukuni.

"Shangazi," akasema, na sauti yake haikuwa ya kibosi bali ya mtu aliyeibiwa. "Nimesoma mpaka mwisho. Hamna sanduku."

Sindano zikasimama.

"Hamna kasuku. Hamna fundi wa funguo. Mpangaji wa chumba namba nne ni mpima ardhi. Anapima shamba, anaaga, anaondoka zake." Akakiweka kitabu mezani taratibu. "Shangazi, wewe huoni kabisa. Unatutungia."

Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakavuma. Nikafungua mdomo nimwambie maneno ambayo yangenifukuzisha kazi, lakini Shangazi akanishika kiwiko.

"Ni kweli," akasema.

Hakulia. Afadhali angelia. "Ukurasa unanikimbia," akasema. "Nasoma hapa, nikipepesa jicho niko kwingine. Nikirudi nyuma najikuta mbele. Mwanzo nilidhani ni macho. Kisha nikadhani si macho tena, ni kichwa ndicho kinachoondoka. Sikutaka mnione nimepotea, nikawa naunganisha. Leo nakosa kipande, natia changu. Kesho nakosa viwili. Mwishowe nikawa sijui kitabu kiko wapi na mimi niko wapi." Akanitazama mimi. "Mwanangu, naogopa."

Nikachukua kisomeo magotini mwake, si kwa kusoma, ni ili niwe na cha kutazama, maana ningemtazama yeye ningeangua kilio mbele ya Mama Nailoni. Nikakishika huku na huku kwa ncha za vidole. Na mbele ya macho yangu, bila mtu kugusa, ukurasa ukageuka.

Nikatulia. Ukageuka mwingine. Kisha mitatu kwa mpigo.

"Kinageuka chenyewe!" Nilipiga ukelele huo mtu angedhani nyumba inaungua. "Shangazi, si wewe! Si kichwa! Njooni muone, kinageuka chenyewe!"

Wakaja wote, Bosi akiwa mbele. Tukakitazama kama wachawi wanatazama kioo. Ukurasa ukageuka tena, mchana kweupe, hakuna kidole karibu. Mpelelezi akainama, pua karibu iguse, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akagundua kitu. "Hapa pembeni," akasema. "Plastiki limeinuka."

Kweli bwana. Pale lilipopanda juu ya fremu lilikuwa limejikunja kidogo, na chini yake pamejaa vumbi la chaki, nyuzi nyeupe, na manyoya ya flana. Karakana nzima ilikuwa imehamia mle. Tukampigia mwana wa Shangazi simu, akaegesha lori pembeni ya barabara, akatusikiliza.

"Hicho hakihisi kidole kwenye skrini kama simu," akasema. "Kinahisi kwenye fremu, kuna miale inapita kingo kwa kingo, haionekani. Chochote kikisimama pale, chenyewe kinadhani ni kidole. Kwani mliweka protekta mpaka kwenye fremu? Kwa nini msikate saizi ya skrini?"

Tukageuka sote. Mama Nailoni alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili.

"Niliacha nafasi ya mshono," akasema kwa sauti ndogo.

Bosi akauliza, "Mshono wa kukishonea na nini?"

"Sijui! Mkono ulijiendea wenyewe! Miaka yote hii nimekata nini bila kuacha nafasi ya mshono?"

Nani angejizuia hapo? Tulicheka mpaka Mpelelezi akakalia pini. Shangazi alicheka kuliko wote, akicheka na machozi yanamtoka, akisema, "Si kichwa! Si kichwa changu, jamani!" na Mama Nailoni akamkumbatia, akilia yeye sasa, akimwomba radhi. Mimi nililibandua lile plastiki kwa ukucha. Sitasema uongo, nililibandua polepole, nikiifaidi kila sekunde. "Nilisema au sikusema?" nikauliza. "Nilisema au sikusema?" Wakajifanya wanatafuta sindano. Nikauliza tena.

Shangazi akafuta macho, akafungua ukurasa wa mwanzo, akasoma huku Bosi anafuatilia kwenye kitabu cha mkewe. Neno kwa neno, hata nukta hakuiacha. Bosi akakuna kichwa. Akakubali kwamba Shangazi anaona.

Nikadhani yamekwisha. Thubutu! Kwa sababu tulipoendelea na riwaya yenyewe, ile halali, iliyoandikwa, ikawa kama kutafuna pamba. Mpima ardhi alipima. Mjane alieleza viti vya sebuleni kimoja kimoja. Shangazi alisoma vizuri, kwa sauti yake yote, na hakuna aliyecheka wala kulia. Mpelelezi alisinzia akashona kifungo kwenye suruali aliyoivaa. Siku ya pili ilikuwa hivyo, na ya tatu. Sare za kufungulia shule zilikuwa zinaelekea ukingoni. Nikamwona Bosi amesimama karibu na boksi la ovaloki, amelitazama, amekitazama kiti, amesema kama anayejisemea: "Labda redio ingewachangamsha."

Shangazi naye alikuwa amemsikia. Alasiri ile nikamfuata dirishani. "Shangazi, turudishie fundi wa funguo."

"Nitamrudisha vipi? Mimi ni msomaji tu, mwanangu. Sijui kutunga."

"Ulitunga wiki mbili nzima!"

"Nilikuwa nimesukumwa. Ukurasa ukinikimbia, nafanyaje? Nasema chochote. Lakini maneno yakiwa yamekaa sawasawa mbele yangu, yananitazama, naona haya kuyaruka. Naona kama namdanganya mtu." Akapapasa kava. "Nimejaribu usiku peke yangu. Nikifungua, nasoma kilichoandikwa. Siwezi."

Nikarudi kwenye meza yangu ya pasi. Nilisimama hapo nikiwa na hasira, na safari hii sikujua ni ya nani. Kisha nikamwendea Mama Nailoni, nikamwuliza, meno yameumana, kama lile plastiki alilitupa.

Kulitupa? Mama Nailoni atupe plastiki? Alifungua mkoba wake akalitoa likiwa limeoshwa, limekaushwa, limekunjwa, na limo ndani ya plastiki jingine.

"Kwani vipi, Pasi?"

"Usiniulize kitu."

Lilikuwa na mikunjo. Nikaitegesha pasi kwenye moto wa hariri, nikaweka kitambaa juu na kitambaa chini, nikalinyoosha taratibu mpaka likalala. Karakana nzima iliniangalia. Nikakichukua kisomeo, nikakivalisha ile protekta kwa mikono yangu hii niliyoipunga kuipinga, kingo zimepanda juu ya fremu, nafasi ya mshono na kila kitu. Halafu, ili kazi isiwe nusu nusu, nikaokota uzi mweupe sakafuni nikauchomeka pale pembeni kulia.

"Haya," nikamwambia Shangazi, nikakiweka magotini mwake. "Msomaji. Soma."

Mama Nailoni alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Kwa hiyo kinahitaji protekta?"

"Nyamaza wewe, ushone kifungo."

Watu wakasogeza viti. Bosi alitoka ofisini safari hii bila kujificha, akavuta stuli, na asijue aweke wapi mikono, akachukua shati na sindano. Shangazi akafungua kava. Akasoma: mpima ardhi alikunja kamba yake, akamwomba mjane chai. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu anayebeba mzigo ngazini. Akafika katikati ya mstari.

Ukurasa ukageuka. Akaukodolea macho. Ukageuka tena.

Nikamwona anavyovuta pumzi. Akanyamaza. Akanywa maji. Akatazama darini, nami nikajua tayari.

"Fundi wa funguo," akasema, "hakuondoa sikio kwenye sanduku. K-k-kama wewe ni jambazi, akasema, gonga mara moja. Kama wewe ni maiti, nyamaza hivyo hivyo, nami nitakimbia."

Mpelelezi alikamata meza.

Shangazi alilifungua lile kufuli kwa pini ya nywele, polepole, mpaka Bosi akasahau sindano hewani. Kifuniko kikainuka. Ndani ya sanduku, juu ya blanketi lililokunjwa vizuri, kulikuwa na kobe. Kobe mzee. Ni yeye peke yake aliyembakia yule mpangaji katika ukoo wake wote, na alikuwa akimficha kwa sababu mlangoni mwa nyumba ya wageni palibandikwa tangazo kwamba wanyama hawaruhusiwi, watatolewa nje.

"Kobe?" Bosi akauliza.

"Kobe," Shangazi akasema.

"Na mjane atamtoa?"

"Hilo sijui bado," Shangazi akamjibu, akimtazama usoni. "Kuna mtu anakitaka chumba."

Bosi aliinamia lile shati akashona kifungo chake kimoja, vibaya sana, upande wa pili wa tundu. Kisha akainuka, akalishika boksi la ovaloki kwa mikono miwili, akalisukuma sakafuni, likikwaruza njia nzima, mpaka ndani ya ofisi yake. Tukasikia anasogeza meza yake. Akarudi anahema, akakaa kwenye stuli.

"Ofisi ile ilikuwa kubwa mno," akasema. "Ehe, Shangazi. Mjane akasemaje?"

Ukurasa ulikuwa umeshageuka wenyewe. Shangazi hata hakuutazama.